Somo wa Mtoto wa Kabula

Sogeeni karibu. Na wewe unayepiga miayo huko nyuma, kama ni usingizi nenda kalale mapema, maana mwishoni nitawauliza swali na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Palikuwa na kambi ya chumvi huko bara, mahali ambapo maji ya ardhini hutoka yakiwa machungu, na kila kiangazi watu wa makabila kumi hukutana kuyachemsha. Katika hadithi hii wamo wanaume watatu, na kila mmoja alikuwa na kipawa chake. Musyoka, Mkamba, alikuwa na jicho. Akikwambia mshale utapita chini ya kwapa la swala, usibishane naye, katafute kisu cha kuchunia. Mutalemwa, Mhaya, alikuwa na mkono. Alikuwa mhunzi, na chuma alichokipiga mara tatu, wengine walikipiga mara kumi. Wa tatu aliitwa Yahya, na kabila lake hata yeye mwenyewe hakulijua. Yeye alikuwa na ulimi. Akisema jambo, hata liwe la uongo, unalipokea kwa mikono miwili.

Lakini mwenye hadithi si hao. Mwenye hadithi ni Kabula, mke wa Shija, mlinzi wa lango. Yeye ndiye aliyebaki na mtoto mikononi.

Lango la kambi ile lilikuwa na desturi yake. Mgeni alitakiwa ataje jina lake na maana yake. Akishataja, hapekuliwi. Wazee waliiweka desturi hiyo kwa kuamini kwamba mtu anayeijua maana ya jina lake ana kwao, na mwenye kwao hawezi kuja kwa ubaya. Shija aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Kila jioni alimletea mkewe majina kama wanaume wengine wanavyoleta samaki.

"Leo ameingia Omondi," alimwambia. "Mjaluo. Maana yake amezaliwa alfajiri. Na mwingine Kiprotich, amezaliwa ng'ombe wakirudi zizini."

"Na wewe?" Kabula alimchokoza, ingawa alijua.

"Mimi Shija, niliyekuja baada ya pacha. Wenzangu walimaliza maziwa yote, ndiyo maana nimekuwa mwembamba hivi."

Enyi wanaume mliokaa hapa na majina yenu mazuri, ni wangapi mnajua maana yake? Haya, nyamazeni tu. Asiyejua maana haambiwi maana.

Palikuwa na desturi ya pili, na hii ishikeni vizuri. Mtoto wa kiume akizaliwa kambini, hupewa jina siku ya saba, jua likiwa utosini. Baba humpa jina la mtu anayemheshimu, na mtu huyo huwa somo wake. Somo wa mtoto wa kambi hauawi. Somo hafukuzwi, hata akizeeka asiweze kazi. Hulishwa mpaka kufa. Na somo akiwa ni marehemu, jina lake hutajwa kila chumvi ya kwanza inapopakuliwa. Lakini mtoto hupewa jina moja tu. Wangeruhusu mawili, kila mwizi angekimbilia kuomba usomo.

Siku kumi kabla ya balaa, Yahya alifika langoni na shanga begani.

"Jina lako nani, ndugu?" Shija alimuuliza.

"Yahya. Maana yake anaishi."

Shija alicheka kwa furaha, akamfungulia. Kabula alikuwa amekaa hapo pembeni, tumbo likiwa juu, akamwambia mumewe, "Hilo nimelipenda. Akiwa mwanamume, tutafikiri." Yahya alilala kambini siku mbili, akauza shanga, akahesabu walinzi, akaondoka. Alikuwa mpelelezi wa wavamizi. Kikulacho ki nguoni mwako, na siku ile kilifunguliwa mlango kwa kicheko.

Kabula alijifungua mtoto wa kiume. Kesho yake, mchana, vyungu vikitokota na watu wakiwa vifua wazi, wavamizi walikuja. Hawakuja kwa kunyata. Walikuja mbio, mbele yao Yahya, na Shija alipomwona aliinua mkono kumsalimu. Yahya alimchoma mkuki kifuani, akamkanyaga tumboni ili auchomoe. Kabula aliyaona hayo akiwa mlangoni mwa nyumba yake, mtoto akinyonya.

Kisha ikawa kuua tu. Wanawake waliwamwagia wavamizi maji ya chumvi yanayochemka, nyuso zikachubuka kama viazi. Wavamizi nao wakawatumbukiza wanawake hao hao vichwa katika vyungu. Mapaa yalitiwa moto. Amri ya mkuu wao ilikuwa kwamba wazima wachukuliwe mateka, na wachanga wauawe, kwa sababu mtoto mchanga humchelewesha mama njiani. Kabula aliisikia amri hiyo kwa masikio yake. Akamfunga mtoto kifuani kwa kanga na kutoka mbio.

Kutoka nyumbani kwake hadi banda la mhunzi ni hatua mia moja, uwanda mtupu. Musyoka alikuwa juu ya rundo la kuni na upinde wake. "Pita, shemeji! Usinitazame mimi!" Aliyemkimbilia Kabula kutoka kulia alipata mshale wa koo. Aliyetoka kushoto alipata wa jicho. Watatu walimpandia Musyoka mwenyewe, na mmoja akamtia mkuki wa tumbo. Angeweza kushuka na kukimbia, kwa maana upande wa nyuma ulikuwa wazi. Alikaa chini, utumbo ukiwa mapajani, akaendelea kupiga. Mshale wake wa mwisho ulimwangusha mtu aliyekuwa ameshashika kanga ya Kabula.

Kabula aliingia bandani. Mutalemwa akaufunga mlango, akapapasa komeo, akakumbuka kwamba komeo lenyewe alikuwa ameliyeyusha juzi kutengeneza jembe. Basi aliupitisha mkono wake wa kulia katika pete zote mbili za chuma, mkono ukawa komeo. "Shemeji, toboa ukuta wa nyuma. Nyundo ile pale." Wavamizi waliingiza shoka katika ufa na kukata. Pigo la kwanza lilifika mfupani. Kabula aligonga ukuta, na kila akigonga, nje nao waligonga. Angeweza kuuchomoa mkono baada ya pigo la kwanza. Hakuuchomoa. Walikata mara nne, na mlango ulipofunguka Kabula alikuwa amekwisha pita, na mkono ulikuwa ukining'inia katika pete peke yake.

Nyuma ya banda alikuwa amesimama Yahya. Mkuki wake ulikuwa bado na damu ya Shija. Kabula alipiga magoti, akamfunika mtoto kwa mwili wake, akangoja. Kutoka upande wa pili sauti ya mkuu ilisikika: "Huko nyuma kumebaki mtu?" Yahya aliinua mkuki. Mtoto akalia. "Hakuna!" Yahya alijibu. "Nimemaliza wote!" Lakini kilio hakina adabu, kilipita ukutani, na mkuu akaja mwenyewe na panga. Yahya angeweza kusogea pembeni tu, na asingeguswa na mtu. Alimchoma mkuu wake shingoni. Habari ilipoenea kwamba mkuu amekufa, wavamizi walitawanyika. Yahya hakukimbia. Watu wa kambi walimkuta amekaa chini, wakamvunja mbavu kwa mateke, wakamfunga kamba.

"Kwa nini hukumuua mwanangu?" Kabula alimuuliza.

"Sijui, mama."

"Na mume wangu ulimuua kwa nini?"

Yahya akalia. Kabula alitamani kumpiga jiwe la uso. Alitamani pia kumshukuru.

Musyoka aliishi mpaka jua lilipoanza kushuka. Alimwita Kabula, akamshika kifundo cha mguu kwa kuwa hakuweza kuinua mkono juu zaidi. "Shemeji, sina mke, sina mtoto. Kwetu Musyoka maana yake ni arudiye. Mimi nitarudi kwa nani? Nirudishe kwa huyu." Akafa kabla Kabula hajajibu.

Sasa tufike siku ya saba. Kambi nzima ilikusanyika kwenye visima vya chumvi. Waliozikwa walikuwa arobaini na mmoja, na baadhi ya waliosimama pale walikuwa na nyuso zilizoungua. Mshika desturi alikuwa Bibi Nyangeta, mwanamke mzee asiyependa maneno mengi.

"Baba wa mtoto amekufa," alisema. "Basi mama atamwita, na atamwita kwa jina la mtu aliyemshikia uhai. Jua likipita utosini bila jina, mtoto huyu hana kambi, na wewe mama yake utatoka naye. Nani anadai?"

Mutalemwa alisogea, kisiki cha mkono kimefungwa majani. "Sipendi kujisifu, Bibi. Lakini mhunzi wa mkono mmoja ni mtu wa kulishwa, na sheria yenu haimlishi asiyefanya kazi. Msimu ukiisha mtaniambia niende, na kwetu ni mwendo wa mwezi. Jina langu maana yake asiyeshindwa. Shemeji, mbele ya mlango ule sikushindwa. Usiniache nishindwe na njaa."

"Musyoka je? Maiti hali chakula!" alisema mtu mmoja.

"Maiti haombi mara mbili," Kabula alimjibu kwa ukali. "Yeye aliomba mara moja, nami sikuwahi kumjibu."

Wakamleta Yahya, kamba shingoni. Kamba hiyo ndiyo ingemnyonga saa ile ile, jina likishatajwa la mwingine. Bibi Nyangeta akamuuliza kama anadai.

"Sidai," alisema. "Jina lenyewe si langu. Nilipewa na tajiri aliyeniteka nikiwa mdogo, alilonipa mama yangu nimelisahau. Nilikuwa naogopa kufa. Sasa naogopa zaidi. Ni hayo tu."

Watu wakapiga kelele. "Muuaji!" "Amemuua Shija aliyemchekea langoni!" Mama mmoja mwenye uso ulioungua alimtemea mate. Lakini mwanamke mwingine akasema polepole, "Asingekuwapo yeye, mishale ya Musyoka na mkono wa Mutalemwa vingekuwa bure."

"Na asingekuwapo yeye," Mutalemwa alijibu, "mkono wangu ningekuwa nao."

Macho yote yakamgeukia Kabula.

Kabula alimtazama mtoto. Alijua kwamba jina atakalompa atalitamka kila siku ya maisha yake: akimwita kula, akimkemea, akimbembeleza. Akimwita Yahya, atamwita muuaji wa mumewe mara ishirini kwa siku, na mhunzi ataenda kufa njiani, na Musyoka hatatajwa tena na mtu. Akimwita Mutalemwa, atalisha mkono uliomlinda, lakini Musyoka atapotea, na mtu aliyemwachia mwanawe pumzi atanyongwa mbele ya macho yake. Akimwita Musyoka, atatimiza ombi la maiti kwa kumtupa mmoja mzima na kumuua mwingine. Na akinyamaza, atamtoa mtoto nje kwenye njia zenye wavamizi.

"Mwanangu," Bibi Nyangeta alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ililegea, "kivuli kimefika miguuni. Sema."

Kabula alimwinua mtoto juu, watu wote wamwone. Mutalemwa aliinamisha kichwa. Yahya alifumba macho. Kaburi la Musyoka lilikuwa pale pale, udongo bado mbichi.

Mimi naishia hapo, msinitolee macho. Mimi sikuzaa, sikukatwa mkono, wala sikumuua mume wa mtu. Mtoto ndiye huyu, nawawekea katikati yenu, na jua haliwangojei. Haya, ninyi mngemwita nani?