Kitabu cha Walio Hai

Hapo zamani, enzi ambazo watu waliamini neno lolote maadamu limeandikwa kwa wino, na sijui ni lini waliacha, palikuwa na sultani jina lake Mahadhi, mtu mwenye kilemba kikubwa kuliko kilichokuwamo ndani yake.

Basi Sultani huyo akaamuru kitungwe Kitabu cha Walio Hai, kiwekwe barazani, kila apitaye aandike amjuavyo mwenziwe. Akaweka amri mbili. Ya kwanza, lililoandikwa halifutwi ila kwa idhini ya Sultani. Ya pili, mtu asijisemee habari zake mwenyewe, kwani kila mtu hujipendelea. Kuhusu ushahidi hakusema lolote. Ikawa watu wanaandika "yasemekana", na "imesikika", na "nimeambiwa na asiyetaka kutajwa", na mawaziri wakikisifu kitabu kuwa hazina ya elimu. Hazina gani? Jaa la taka lenye jalada la ngozi.

Mjini humo alikaa mshona viatu fukara, Feruzi, aliyehesabiwa punguani kwa kuwa kila akiambiwa jambo huuliza ni nani aliyeliona. Alilelewa na mkunga, Bi Kazija, aliyemzalisha mama yake na kumchukua yeye mama alipofariki. Siku moja likaonekana kitabuni neno hili: "Kazija mkunga, yasemekana hubadilisha watoto." Mwandishi hajulikani. Tangu hapo hakuna aliyemwita tena, na wanawake aliowazalisha wakawa wakimwona wanavuka njia. Kisha Sultani akahukumu kwamba Ijumaa afukuzwe mjini. Bi Kazija akaenda kujitetea, akaambiwa mtu hajisemei.

Akarudi akakaa kwa Feruzi, mikono mapajani. "Mwanangu," akasema, "miaka hamsini nimewapokea watu kwa mikono hii. Leo wanaitazama kama ya mwizi."

Feruzi alikasirika hata akajichoma sindano. Alhamisi asubuhi akaenda barazani mapema, akaandika mstari mmoja, kisha akazunguka mjini kuwatafuta waosha maiti.

Ilikuwa desturi Waziri asome mbele ya watu yaliyoongezwa kitabuni, na siku hiyo akafungua, akasoma: "Sultani Mahadhi, yasemekana amefariki." Kabla hajafumba kinywa, Feruzi akaingia na sanda, nyuma yake waosha na wachimba kaburi na majembe yao. Watu wakaangua kilio, na wengine, Mungu awasamehe, walilia kwa furaha.

Sultani akainuka, akasema yu hai, wote wanamwona.

Feruzi akainama kwa adabu. "Rabi akurehemu, Maulana. Unajisemea habari zako mwenyewe, nalo ulilikataza ulipokuwa hai."

"Lifuteni!"

"Halifutwi ila kwa idhini ya Sultani, na Sultani, kama tulivyosikia, amefariki."

Waziri akashika kalamu ili amwokoe bwana wake bila kuvunja amri, akaongeza chini yake: "Lakini wengine wasema yu hai." Sultani alipoyasoma hayo aliona haya mpaka shingoni.

"Ni nani aliyeniona nimekufa?" akauliza. "Aje, ataje jina lake."

"Swali hilo, Maulana, Bi Kazija alikuja nalo hapa jana. Mlimtoa nje."

Sultani akaketi. Kisha akaamuru kwamba neno baya juu ya mtu aliye hai lisikae kitabuni hata saa moja bila mashahidi wenye majina, walioona kwa macho yao, na asemwaye asikilizwe. Wakaanza kuchana kurasa. Kitabu kile kinene kikabakia karatasi kumi na moja, na katika hizo, saba zilikuwa tupu.

Feruzi alipoulizwa atakalo, alitaka jambo moja: Sultani aende kwa miguu akamwombe radhi Bi Kazija mlangoni kwake. Akaenda, mji mzima nyuma yake, akaomba radhi.

Bi Kazija akatoka kizingitini.

"Bwana, hata wewe nilikupokea mimi," akasema. "Hukubadilishwa. Na laiti ningalikubadilisha, mji huu ungalipata nafuu."

Na kwa kuwa mji mzima ulikuwapo ukisikia, neno hilo halikuhitaji kuandikwa popote.