Zimwi Lifumualo na Blanketi la Nakiete

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa moto jikoni, na uzi sindanoni, na watoto waliotulia wakasikiliza.

Haya, sogeeni. Wewe mwenye kikohozi, njoo huku karibu na moto. Aliye na la kusema aseme sasa, nikianza sisimami.

Hapo kale, juu kabisa milimani, palikuwa na kijiji kikiitwa Chamvua. Huko kulikuwa na baridi, nyie, baridi si ya mchezo. Kipupwe kikiingia, ukungu hushuka mchana kweupe ukameza nyumba, ukameza zizi, ukameza hata mkono wako ukiunyoosha.

Ndiyo maana watu wa Chamvua walifuga kondoo, na ndiyo maana wote walijua kufuma. Mtoto hajajua kuhesabu vidole vyake, ameshajua kushika sindano.

Mfumaji hodari kuliko wote alikuwa Mama Nambike. Mablanketi yake yalikuwa meupe kama maziwa. Aliyafuma kwa uzi mmoja tu, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila fundo hata moja. Watu walipanda kutoka bondeni ili wayaguse tu.

"Fundo ni aibu ya mfumaji," alizoea kusema Mama Nambike.

Mama huyu alikuwa na mwana mmoja, Mbazi, na Mbazi alikuwa na mke, jina lake Nakiete. Nakiete alikuwa mpole, lakini alikuwa na jambo lake. Wafumaji wakiinuka vitini jioni, yeye huinama chini ya viti akaokota mabaki ya uzi. Kipande cha shibiri, anaokota. Kipande cha dhiraa, anaokota. Kipande cha kidole, nacho anaokota.

Kisha huweka chungu motoni. Maganda ya vitunguu yalimpa rangi ya dhahabu. Manjano yalimpa njano ya kiini cha yai. Majani ya mnili yalimpa buluu, na tope la bwawani likampa weusi uliokolea. Akianika nyuzi zake juu ya ua wa miti, ua wote utadhani umechanua maua.

Zikikauka, huziunga. Ncha kwa ncha, fundo kwa fundo, kila fundo analijaribu kwa meno. Halafu anafuma kofia, anafuma soksi, anafuma skafu za shingoni, anawagawia watoto wa nyumba zisizo na kondoo.

"Mke wa mwanangu," Mama Nambike alimwambia, "mbona unafuma takataka?"

"Si takataka, Mama, ni mabaki. Na yana joto."

"Yana mafundo!"

"Yana mafundo, Mama, na yana joto."

Mama Nambike akaguna, akarudi kwenye weupe wake.

Basi, siku moja ya kipupwe, zimwi likaja Chamvua.

Halikuwa zimwi kama mazimwi mengine. Lilikuwa zimwi la baridi. Mwili wake barafu, pumzi yake ukungu, na kucha zake nyembamba, ndefu kama sindano za kufumia. Zimwi hili halikuweza kumla mtu mwenye joto, maana lingeungua ulimi. Basi lilifanyaje? Lilikuja na ukungu, likapenyeza ukucha chini ya mlango, likapapasa mpaka likapata ncha ya uzi wa blanketi. Kisha likavuta, huku likiimba:

*Uzi mmoja, mtu mmoja,*
*nikivuta kichwa, mkia waja.*
*Fumuka, fumuka, fumuka!*
*Anayetetemeka ni wangu.*

Frrrrr! Blanketi zima likafumuka. Mwenye blanketi akatetemeka, meno yakagongana, na hapo zimwi likaingia likammeza mzimamzima.

Siku ya kwanza lilimmeza mzee mmoja mfua chuma. Siku ya pili lilimmeza bibi arusi wa juzijuzi. Siku ya tatu, jamani, likafika kwa Mama Nambike.

Mbazi alikuwa na homa, amelala chini ya blanketi la mama yake. Mama alikuwa zizini, Nakiete yuko kijitoni anasuuza nyuzi. Ukungu ukashuka. Nakiete akasikia sauti nyembamba ikiimba mbali, *fumuka, fumuka, fumuka*, akaacha nyuzi majini akakimbia.

Alipofika, kitanda kilikuwa kitupu. Sakafuni palikuwa na rundo la uzi mweupe uliojikunjakunja.

"Mbazi!" aliita. Kimya. "Mbazi!" Kimya. "Mbazi wee!" Kimya kabisa.

Mama Nambike akaja, akaona, akaanguka juu ya ule uzi akaukumbatia. Siku ile kila mmoja alilia pembeni kwake.

Kesho yake Nakiete alikwenda kumwona Namsemba. Huyu alikuwa mjane maskini, ana watoto watatu na hana blanketi. Nakiete alikwenda na moyo mzito, akijua nyumba ile lazima imekwisha.

Akakuta watoto watatu wanacheza uani. Wamevaa kofia zake, wamevaa soksi zake.

"Dada Namsemba! Zimwi halikupita hapa?"

"Lilipita, mdogo wangu. Ukucha uliingia chini ya mlango, ukakamata soksi ya huyu mdogo. Likaimba, likavuta. Ukatoka uzi wa njano kidogo, tap! Ukakwama. Likaukata kwa hasira. Likakamata uzi wa buluu, likavuta, tap! Ukakwama. Likakamata mweusi, tap! Likatukana matusi siwezi kuyasema mbele ya watoto, likaenda zake."

"Ulikwama wapi?"

Namsemba akamvua mwanawe soksi, akamwonyesha. Nakiete akaigeuzageuza. Ncha ya mbele ilikuwa imefumuka mistari mitatu tu. Na pale ulipokomea ufumuaji, palikuwa na fundo limebanwa ndani ya kitanzi, limekaza kama jiwe.

Nakiete akalivuta lile fundo, halikulegea, akaelewa. Uzi mmoja hufumuka wote. Uzi wa vipande huzuiwa na kila fundo.

Alikimbia hadi nyumbani.

"Mama! Nimelijua zimwi. Nipe uzi wa Mbazi tuukate vipande, tuufunge, tufume blanketi lisilofumuka."

Mama Nambike alikuwa na ule uzi mapajani, anaufuma upya. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nikate uzi wa mwanangu?"

"Tuukate, Mama, tuufunge."

"Nitie mafundo kwenye uzi wa mwanangu? Na wewe uutie matope yako? Toka mbele yangu, Nakiete. Hiki ndicho nilichobakiwa nacho."

Nakiete akapiga magoti, akamshika miguu, akatoka.

Akaenda kwa mke wa mfua chuma, akaomba uzi wa mumewe. Akapewa. Akaenda kwa mume wa bibi arusi, akaomba uzi wa mkewe. Yule kijana akauleta, akasema, "Utie rangi nzuri. Alipenda rangi." Akaenda kwa kila mfumaji, akapiga magoti chini ya kila kiti.

Siku saba alifuma. Alichemsha, akaanika, akafunga, akafuma. Vidole vilipasuka, akavifunga kitambaa, akafuma. Wazee waliopita, waliozoea kumcheka, walisimama mlangoni wakatazama, nao hawakucheka tena. Njano iliingia kwenye buluu, buluu ikaingia kwenye weusi, na dhahabu ikapita katikati kama njia ya jua. Upande wa nyuma mafundo yalijaa kama punje kwenye gunzi la hindi. Lilikuwa blanketi kubwa, la kufunika watu wanne.

Siku zote hizo saba jua liliwaka, na zimwi halikuja. Siku ya nane, ukungu ukashuka.

Nakiete yuko jikoni, anapuliza moto. Mama Nambike yuko chumbani, amejifunika blanketi jeupe alilolifuma upya kwa uzi wa mwanawe. Halina fundo hata moja.

Ukucha ukapenya chini ya mlango. Ukapapasa. Ukapata ncha.

*Uzi mmoja, mtu mmoja,*
*nikivuta kichwa, mkia waja.*
*Fumuka, fumuka, fumuka!*
*Anayetetemeka ni wangu.*

Frrrrr! Likafumuka miguuni. Mama Nambike akaushika uzi kwa mikono miwili, ukamkata viganja. Frrrrr! Likafumuka tumboni. "Usininyang'anye mwanangu!" alilia. Frrrrr! Likafumuka kifuani, likaisha.

Meno yakaanza kugongana. Mlango ukasukumwa. Zimwi likainama likaingia, jeupe, refu, kinywa wazi.

"Nasikia mtu anatetemeka," likasema.

Hapo Nakiete akaingia mbio, akalirusha lile blanketi juu ya mkwewe, naye akajitumbukiza ndani yake, akamkumbatia.

"Nyamaza, Mama. Shika hapa. Usiogope."

Zimwi likacheka. Likatafuta ncha, likapata ya njano. Likavuta, tap! Ukakwama. Likatafuta nyingine, ya buluu. Likavuta, tap! Likatafuta ya dhahabu. Tap!

"Uzi gani huu una vichwa vingi?" likanguruma. "Mkia wake uko wapi?"

Likaingiza kucha zote kumi kwa pamoja. Likavuta kwa nguvu zake zote, na nyuzi zikachomoka huku dhiraa, kule shibiri. Hata fundo lina mwisho wake, watoto. Nakiete aliona mistari inaanza kulegea. Akachomoa sindano zake kiunoni. Kila uzi uliochomoka aliudaka, akaunga, akafuma. Akafuma wapi? Palepale kwenye kucha za zimwi! Kitanzi kwenye ukucha wa kwanza, kitanzi kwenye wa pili, kitanzi kwenye wa tatu.

Lakini kucha ni kumi, na mikono ya Nakiete ina vidonda.

"Mama, siwahi!"

Mama Nambike alitazama. Joto lilikuwa limemrudia mwilini, na macho yake ya ufundi yakaona kile mkwewe alichokuwa akifanya. Katika maisha yake hakuwahi kuona kazi kama ile.

"Nipe sindano mbili," akasema. "Na fundo lako unalifungaje?"

"Pitisha, zungusha, kaza."

"Pitisha, zungusha, kaza," akarudia yule mama, na vidole vyake, nyie, vidole vile vilivyosifiwa hadi bondeni, vikaanza kuruka kama panzi.

Pitisha, zungusha, kaza! Wakafuma viganja vya zimwi. Pitisha, zungusha, kaza! Wakafuma mikono hadi mabegani. Zimwi lilivyovuta ndivyo lilivyowapa uzi, na kwa uzi huo wakalivisha. Pitisha, zungusha, kaza! Wakalifuma kifua, wakalifuma tumbo, wakalifuma kinywa.

Zimwi likaanza kutoka jasho. Lini uliona barafu ikavaa sufu?

"Joto!" likapiga kelele ndani ya uzi. "Joto! Joto! Nakufa!"

Likanyong'onyea. Likayeyuka miguu, likayeyuka kiuno, tumbo likapasuka pwaa! Maji ya baridi yakafurika chumba kizima. Na katikati ya maji akakaa mfua chuma, haelewi alipo. Akakaa bibi arusi, anapiga chafya. Na Mbazi akakaa, ndevu zimejaa umande, anauliza, "Mama, ni asubuhi?"

Nakiete alitaka kucheka, akalia. Mbazi akamwinua.

Mama Nambike alimshika mwanawe uso, akamtazama jicho la kulia, akamtazama jicho la kushoto. Kisha akamgeukia Nakiete mbele ya majirani waliokwisha kujazana mlangoni.

"Nisikieni," alisema. "Mimi nilidhani ndimi fundi wa kijiji hiki. Fundi ni huyu. Nilikuwa nikitazama mafundo yake, sikutazama kichwa chake. Mwanangu Nakiete, nisamehe."

"Yamekwisha, Mama. Tuwape watu hawa uji, wanatetemeka."

Basi uji ukapikwa, wenye tangawizi. Waliotoka tumboni mwa zimwi walikunywa bakuli tatu tatu. Blanketi likakamuliwa na watu sita, likaanikwa uani, na majirani wakapanga foleni kuligusa. Yule kijana, mume wa bibi arusi, alimwonyesha mkewe kipande cha buluu kilichokuwa uzi wake. Mkewe akasema, "Kumbe buluu inanipendeza," watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Uzi umeniishia mkononi, na aliye na wake aendeleze.

Nanyi wanangu, shikeni hili: usidharau kilichobaki, wala usimdharau anayekiokota. Uzi mmoja mzuri hupendeza macho, lakini vipande vilivyofungana ndivyo vinavyozuia zimwi.