Tairi za Sultani Mwinyikombo

Anayetaka kubisha anyooshe mkono sasa hivi, nijue nani wa kumcheka mwishoni. Wewe mwenye miwani, uliyemaliza shule, nakuona umeshaanza kuguna. Mimi shule niliiacha mapema, sikukataa, tulichokana tu. Lakini haya ninayosema hakuna mwalimu anayeyajua, na ukiona ni uongo, nionyeshe wewe tairi unazovalisha gari lako.

Palikuwa na Sultani aliyeitwa Mwinyikombo, mwenye pikapu kubwa nyeusi na wake wawili. Bi Mkubwa alikaa mtaa wa juu, Bi Mdogo mtaa wa chini, na barabara ya lami katikati. Sultani huyu alitaka tairi ambazo lami isizisikie na tope lisizishike. Atakayeleta pungufu, jela.

Muuzaji wa kwanza akamletea tairi laini za mjini. Kwenye lami, raha tupu, ungedhani gari linatembea na soksi. Alhamisi Sultani akaenda shambani kwake. Alipofika kijitoni, gari likakaa chini kama ng'ombe aliyegoma. Sultani alitolewa amebebwa mgongoni mwa askari, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Muuzaji akalala ndani.

Wa pili alikuwa kijana mtanashati, sura nzuri, maneno matamu, fundi kupita mafundi wote wa mji ule. Yeye akaleta tairi za matope, meno makubwa yameachana kama ya bibi yangu. Kijitoni zilipita zinacheka. Balaa lilikuwa kwenye lami. Zilinguruma mpaka vikombe vinacheza kabatini. Sasa Sultani alikuwa na desturi yake: zamu ya Bi Mkubwa ikifika, anaaga kwamba anakwenda kukagua mitaro. Siku ile akaaga, gari likanguruma, na Bi Mkubwa akalifuata kwa masikio tu, kona hadi kona, mpaka liliponyamaza mlangoni kwa Bi Mdogo. Mtaa wa chini hakuna hata mtaro mmoja. Kijana wa watu akatupwa jela, akala wali wenye mawe makubwa kuliko maharage.

Akabaki Bi Kidawa, mjane aliyeziba pancha karibu na soko, mwanamke ambaye hata mbuzi wake walimwogopa ulimi. Askari wakamfuata, wakamfikisha mbele ya Sultani, wakamwambia masharti. Naye badala ya kulia akauliza gari linapita wapi.

Sultani akajitanua. Akataja majangwa, akataja milima, akataja mito yenye mamba.

"Maulana, sikuulizi unakotamani kwenda," Bi Kidawa akasema. "Nakuuliza unakokwenda."

Sultani akakohoa. "Barazani. Msikitini. Nyumba ile na nyumba ile. Alhamisi, shamba."

"Njia ya shamba ikoje?"

"Vumbi na kokoto. Kijitoni kuna tope la kutisha, linafika kifundoni."

"Kifundo cha nani?"

"Changu."

"Basi halijatisha bado."

Akaenda akarudi na tairi za kati, zile za njia zote. Meno yake katikati yamebanana kama watu kwenye safu ya sala, ili lami isipige kelele. Pembeni yameachana kidogo, ili tope litemwe. Ubavu mnene, kokoto zisiuchane. Akahakikisha pia zinabeba uzito wa gari, na wa Sultani akiwa ameshiba.

Wakazijaribu. Kwenye lami zilivuma kidogo, kama nyuki ndani ya chupa. Kijitoni ziliteleza mara moja, zikakaza, zikatoka. Watu wakadhani yameisha. Hamumjui Mwinyikombo. Alirudi barazani amenuna, akaketi, mji mzima ukajaa mlangoni.

"Nilisikia mvumo," akasema.

"Ulisikia wewe, Maulana. Mji haukusikia."

"Kijitoni ziliteleza."

"Na kiatu chako hicho hapo mguuni. Cha safari ile bado kiko topeni."

Watu wakainamisha vichwa, mabega yanatikisika. Sultani akapandisha sauti. "Mimi niliagiza tairi ya lami kamili, na ya tope kamili. Wewe umeniletea kitu kinachotoa kidogo huku na kidogo kule, halafu unakiita kizima. Huo ni udanganyifu. Askari, mchukueni akaungane na wenzake."

Askari wakamshika mikono. Bi Kidawa hakuvuta hata kidole.

"Nakwenda, Maulana. Naomba shahidi tu. Bi Mkubwa aitwe kutoka mtaa wa juu, na Bi Mdogo kutoka mtaa wa chini, wasimame hapa mbele ya watu. Kila mmoja akisema anampata Sultani kamili, sihitaji askari, nitakwenda jela kwa miguu yangu."

Karani akaangalia dari. Sultani akaomba maji. Alipomaliza kunywa, akaomba funguo za jela, wauzaji wakatoka wote, na tairi zikabaki kwenye gari.

Haya, mwenye miwani, shusha mkono.

Ila kuna kipande nimekiruka, na msiniangalie hivyo. Yule kijana mtanashati wa tairi za kunguruma ni mimi. Tairi za kati nilikuwa nazo dukani, tena nzuri. Lakini asubuhi ile, nikiwa njiani kuzipeleka, Bi Mkubwa aliniita ndani, akaniwekea sinia la pilau, akanitazama ninavyokula, kisha akaniambia taratibu: "Mwanangu, mtafutie bwana tairi unazoona zinamfaa. Mimi nataka tu nikiwa jikoni nizisikie."