Kiboko na Meza ya Watu Kumi na Wawili

Hadithi, hadithi!

"Hadithi njoo..."

Sijasikia. Mnaitika kama wagonjwa. Nimesema, hadithi, hadithi!

"Hadithi njoo! Njoo ukae nasi, wali haujaiva!"

Haya, sasa hapo. Sogeeni mkekani, na wewe Subira usiniangushie kuni. Leo nina hasira, nasema mapema ili asije mtu akauliza bibi ana nini. Baba yenu Shomari tangu asubuhi anaingia humu na kamba yake ya kupimia. Anapima jiko langu! Kutoka mafiga hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi kwenye mtungi. Anasema kesho kutwa linavunjwa, pajengwe chumba cha kulia. Nikamwuliza, kwani miaka yote hii mlikuwa mkila angani? Akapima tena.

Basi sikilizeni.

Hapo kale, kwenye ukingo wa mto, alikuwapo Kiboko. Na jirani yake alikuwapo Sange. Sange mnamjua? Yule mnyama mdogo kama panya, ila pua ndefu, kama aliyevutwa siku ya kuzaliwa. Mume hana, watoto watano, na jiko moja. Mafiga matatu chini ya paa la makuti, basi. Humo ndimo wanawe walimopikiwa, humo ndimo walimojikinga mvua ikinyesha.

Na kule mtoni walikuwa na desturi kama hii yetu. Watu walikula uani, mkekani, sinia moja. Akipita mtu anaambiwa, "Karibu, tule." Naye ananawa, anamega tonge moja la heshima, anasema, "Ahsanteni, nimeshiba," anakwenda zake. Tonge moja tu, jamani! Lakini Kiboko ile "karibu" ilikuwa inamkwama kooni kama mwiba wa samaki. Mdomo wote ule, neno moja haulitoi. Akisikia mtu anakuja, anabeba sinia na kukimbilia nyuma ya nyumba, mchuzi unamwagika njia nzima.

Siku moja akaenda juu ya mto kumtembelea shemeji yake. Akarudi mbio. Ndi! Ndi! Ndi!

"Sange! Nimeona jambo. Nimeona chumba cha kulia!"

"Hakilaliwi?"

"Hakilaliwi."

"Hakipikiwi?"

"Hakipikiwi. Kina mlango. Unaingia, unafunga, unakula!"

Sange akaelewa yote.

Kiboko akajenga. Fundi alikuwa Kigogota, yule ndege anayetoboa miti. Kong'o, kong'o, kong'o! Chumba kikasimama. Kiboko akasema, sasa nataka meza.

"Ya watu wangapi?" Kigogota akauliza.

"Kumi na wawili."

"Na hapa nyumbani mko wangapi?"

"Mmoja."

Mmoja! Meza ya watu kumi na wawili! Mimi niliposimuliwa hii mara ya kwanza nilishika kichwa.

Basi meza ikaja na viti vyake. Wakaisukuma, haikuingia. Wakaigeuza ubavu, haikuingia. Wakaigeuza kichwa chini miguu juu, haikuingia. Mwisho wakaisimamisha kwa miguu yake, ikabaki nusu ndani, nusu nje, inachungulia mlangoni, ubavuni imebaki njia ya kupita. Mwenye akili angeikata meza. Kiboko akasema, "Tutasogeza ukuta."

Ukuta usogee wapi? Kwenye jiko la Sange.

"Kesho kutwa ng'oa mafiga yako," akamwambia.

"Bwana Kiboko, masika haya, wanangu nitawapikia wapi?"

"Hilo si langu. Nyumba bila chumba cha kulia si nyumba, ni zizi!"

Sange akautazama mguu wa Kiboko. Akalitazama jiko lake. Mguu mmoja ule ungetosha kulilaza chini jiko zima. Aliogopa, asikudanganyeni mtu, moyo wake ulipiga tu-tu-tu-tu. Akavuta pumzi kwa ile pua yake ndefu.

"Sawa, Bwana. Wewe ndiye mkubwa. Ila chumba cha kulia kina adabu zake. Shemeji yako hakukwambia?"

Kiboko hakuambiwa kitu. Kwa shemeji yake aliona mlango tu, furaha ikamzidi, akaondoka. Lakini akubali kwamba hajui, mbele ya Kigogota, ndege mwenye mdomo ule? Akatunisha kifua.

"Nazijua zote. Wewe nikumbushe tu."

"Basi kula humo siku tatu kwa adabu zake. Ukishiba hata siku moja, mafiga nitayang'oa kwa mikono yangu. Usiposhiba, jiko langu hulisogelei."

"Naapa kwa mto unaonifunika!" Kiboko akacheka hadi meno yakatoka yote. "Mimi, nisishibe?"

Kong'o! Kigogota akawa shahidi.

Siku ya kwanza sinia la wali wa nazi likawekwa mezani. Kiboko akatoka mtoni. Bwata, bwata, bwata. Sange yuko mlangoni.

"Bwana, na miguu hiyo?"

"Ina nini?"

"Ina matope. Chumba cha kulia haingii mtu na matope. Si unajua?"

"Najua. Nikumbushe tu, mtu anafanyaje?"

"Anakauka."

Kiboko akasimama juani. Miguu ikaanza kukauka, na ngozi ya mgongo ikaanza kupasuka. Kiboko na jua, wapi na wapi! Akakimbilia mtoni, chubwi! Akatoka, bwata, bwata, kalowa tena. Akasimama tena juani. Ngozi ikawaka. Chubwi! Akatoka, bwata, bwata. Mara saba! Mpaka jua likashuka, wali umepoa.

"Chakula kikipoa mezani," Sange akasema, "hurudishwa jikoni. Si unajua?"

"Najua. Nikumbushe tu, jikoni kwa nani?"

"Jiko la karibu."

Na jiko la karibu lilikuwa la nani? Kombo, unacheka nini, hebu jibu. La Sange, ndiyo. Watoto watano wakala. Cham, cham, cham.

Siku ya pili Kiboko akajifanya mjanja. Alitandaza majani ya mgomba kutoka mtoni hadi mlangoni, akaoga vizuri, akapita juu yake, akaingia safi. Sange akampisha. Kiboko akavuta kiti, akakaa. Kacha! Puu! Kiti vipande vipande, mwenye kiti yuko sakafuni.

"Mwenye nyumba asiye na kiti husimama. Si unajua?"

"Najua," akasema Kiboko, akasimama. Akanyoosha mkono kwenye sinia.

"Mkono huo, Bwana!"

"Una nini tena?"

"Vimebaki viti kumi na kimoja. Mwenye nyumba hagusi chakula mpaka kila kiti kipate mgeni, na kila mgeni ashibe. Ndiyo maana ya viti."

Kiboko alikaribia kulia. Amejenga chumba ili asimkaribishe mtu mmoja, leo anadaiwa wageni kumi na mmoja! Lakini Kigogota alikuwa dirishani, shingo ameinamisha, anasikiliza.

"Najua," akasema kwa sauti ndogo. "Nikumbushe tu, wageni wanatoka wapi?"

Sange akapiga mluzi. Fyuu! Wakaingia wanawe watano, na shangazi yao, na wana wa shangazi yao watano. Hesabuni wenyewe. Wote wamenawa, wote wamechana nywele. Cham, cham, cham. Kiboko amesimama pembeni na mtungi, anawamiminia maji. Yule mdogo kabisa alikula hadi akalala juu ya sahani.

Siku ya tatu tumbo la Kiboko lilisikika ng'ambo ya mto. Guruguru! Guruguru! Watu wakadhani ni radi. Sange hakwenda hata mlangoni, hakukuwa na haja tena. Kiboko alilibeba sinia mwenyewe, akaipita ile meza bila kuitazama, akatandika mkeka uani. Akaketi na matope yake. Akamega tonge kubwa kama nazi nzima. Cham! Alisikia raha mpaka machozi yakamtoka.

Mara, tu-tu-tu-tu. Sange na wanawe watano wanapita njia.

"Hodi! Habari za mchana, Bwana Kiboko?"

Kiboko akaduwaa, mdomo umejaa. Akatazama kule chumbani. Akatazama mkeka. Nguvu za kukimbia na sinia hakuwa nazo, na mkeka hauna mlango.

"Ka... ka... ka..."

"Sema tu, Bwana. Neno halikati ulimi."

"Karibuni, tule."

Akalisema. Wakanawa, wakamega tonge moja moja, wakasema, "Ahsante, tumeshiba." Kiboko akalitazama sinia. Halikupungua! Akalizungusha huku na huku, akatafuta palipopungua, asipaone. Aibu ikamshika. Akala hadi akajinyoosha chali.

"Umeshiba, Bwana?" Sange akauliza.

"Nimeshiba."

"Umeshibia wapi?"

"Uani."

"Na mafiga yangu?"

Kiboko alitaka kujifanya hakusikia. Huko juu ya paa, kong'o! Kigogota akakohoa.

"Yakae," akasema Kiboko.

Yakakaa. Na kile chumba kipo hadi leo. Masika Sange anaanika mahindi yake juu ya ile meza, na kuku wake wanataga kwenye viti. Kiboko anakula uani.

Hadithi yangu imeshiba, imenawa mikono. Anayeitaka tena aje na kuni zake.

Na fundisho lake? Fundisho ni kwamba kila nyumba lazima iwe na chumba cha kulia. Ndiyo! Mnanitolea macho ya nini? Kiwe kikubwa, chenye meza ndefu na viti kumi na viwili. Visingekuwapo, kuku wa Sange wangetaga wapi?

Haya, nani huyo mlangoni na sahani yake mkononi? Aa, Shomari. Umesimama hapo tangu lini? Naona macho yanazunguka, unatafuta ile kamba yako ya kupimia. Nimeifungia kuni. Watoto, mpisheni baba yenu mkekani. Wali umeiva, mwanangu. Karibu, tule. Na miguu usifute.