Kiriba cha Fundi Mcha

Palikuwa na Sultani mmoja huko Kivungwe aliyekwisha kutoza ushuru kila kinachoshikika, ikabaki hewa tu. Siku moja mnajimu wake, Shehe Zubeiri, akamnong'oneza kwamba hewa nayo ni kitu: ina ujazo, na inapimika. Sultani hakulala kwa furaha. Kulipokucha mpiga mbiu akazunguka mji: hewa yote ni mali ya Sultani, na atakayeitumia kwa kazi airudishe ujazo kwa ujazo, la sivyo atanyang'anywa vyombo vyake.

Sasa, mji ule mtu aliyekula kwa hewa alikuwa mmoja tu, Fundi Mcha, mfua vyuma. Mivukuta yake ilihema kutwa, na ndiyo iliyomlisha yeye na mkewe na watoto. Bila mivukuta hakuna jembe, bila jembe hakuna ugali. Mnajimu akampigia hesabu: viriba mia vya hewa! Mcha alicheka, kisha akaogopa kweli kweli.

"Mke wangu," alisema, "mimi hata ujinga nimeurithi tu, sikuwa na cha kununulia. Leo nadaiwa upepo!"

Siku ya kulipa ilipofika akaingia barazani amekumbatia kiriba cha ngozi, kimevimba, mdomo umekazwa kwa kamba. Askari walikuwa wamesimama tayari kwenda kubeba mivukuta.

"Kimoja tu?" Sultani akafoka.

"Cha kwanza hicho, Bwana. Mwili wenyewe ndio huu, mbavu zinahesabika kwa mbali. Kukijaza kumenitoa jasho."

"Na vingine?"

"Vinakuja, Mungu akijalia. Ila kichwa changu kigumu kuliko fuawe, naomba nieleweshwe. Hewa ya sokoni ni yako?"

"Yangu."

"Ya chumbani kwangu?"

"Yangu."

"Hata hii inayoingia katika pua langu hili?"

"Hasa hiyo! Pua lingekuwa dogo, na deni lingepungua."

Baraza zima likaangua kicheko. Mcha naye akacheka, tena kuwashinda wote. Akamgeukia mnajimu.

"Nawe Shehe, hesabu yako inachagua hewa?"

Shehe Zubeiri akajikohoza. "Haichagui. Viriba viwili vilivyo sawa, vikiwa na joto moja na mgandamizo mmoja, vina chembe sawa kwa idadi, iwe hewa ya aina gani. Kiriba ni kiriba."

"Ya aina yoyote?"

"Yoyote! Elimu haina upendeleo."

"Umesikia, Bwana?"

"Nimesikia, na nimepitisha." Sultani akakivuta kiriba mapajani, vidole vikaanza kuchezea kamba. "Lakini mimi si mtoto, Mcha. Wewe umekitega mlangoni kikajaa upepo wangu, sasa unanilipa kwa mali yangu mwenyewe!"

"Mungu apishe mbali! Mimi ni maskini, Bwana, si mwizi. Nilipoona ya nje yote ni yako, nikajiuliza, nitalipa kwa nini? Basi tangu juzi nala kunde na mayai, mke wangu kahamia kwa mama yake, na hicho kiriba nimekijaza mwenyewe, ya ndani tupu. Fungua, Bwana, uhakikishe. Bado tisini na tisa."