Kwa Nini Chiriku Dume Ana Mashavu Mekundu

Watu humsifu chiriku dume kwa wekundu wa mashavu yake. Humtundika barazani, humwita bwana harusi, na mgeni akija huonyeshwa yeye kwanza. Lau wangejua wanachokisifu, wangeona haya. Basi na wasikie, wenye masikio.

Zamani hizo, ndege walipokuwa bado wanasema na watu, chiriku wote walikuwa na rangi moja ya majivu, dume na jike, na wote waliimba. Hata ungeapishwa usingejua yupi mume na yupi mke. Lakini wazee wa mji wa Kisimani walijiona wanajua. Kanuni yao ilikuwa moja: kiimbacho ni dume. Nani aliyewafundisha? Hakuna. Waliambiana wenyewe kwa wenyewe, wakaamini.

Katika baraza la Jumbe Mwinyikondo hakikuruhusiwa kitu cha kike. Kuku jike akipita alirushiwa kiatu. Aliyeruhusiwa alikuwa mjane mmoja tu, Bi Kidawa, ambaye aliingia alfajiri kufagia, kutandika mikeka na kuwatilia ndege mtama na maji, kisha akatoka kabla wenye baraza hawajafika. Mikeka yenyewe alisuka yeye. Wanaume walikalia kazi ya mwanamke kuanzia asubuhi hadi magharibi, na hilo halikumkera hata mmoja wao.

Ndege hao walikuwa chiriku wawili, waliotundikwa ndani ya tundu moja juu ya kiti cha Jumbe. Mmoja aliimba vizuri, wa pili aliimba vizuri zaidi. Huyu wa pili wazee walimpenda mno, wakampa jina la Simba. Walikuwa wakisema, "Sikia dume hilo!" huku wakinywa kahawa.

Basi asubuhi moja Jumbe aliinua macho kuwatazama madume wake, akaona yai. Lilikuwa jeupe, dogo kama haragwe, limelala juu ya mtama.

Kwa watu wenye akili, yai halina fumbo. Lakini hawa walikuwa wameshaapa kwamba wana madume wawili, na mtu aliyekwisha kuapa ni mgumu kurudi nyuma. Wakasema ni uchawi. Kisha wakaulizana ni nani huingia humu ndani wao wasipokuwapo, kana kwamba jibu hawalijui.

Bi Kidawa alikuwa uani akichovya ukindu katika chungu cha rangi nyekundu, maana alikuwa akisuka mkeka mpya wa baraza hilohilo. Wakamkokota hadi mbele ya Jumbe, rangi ikimchuruzika mikononi.

"Tazameni damu hiyo!" mzee mmoja akapayuka.

"Ni rangi ya mkeka ulioukalia, baba," Bi Kidawa akajibu.

Jumbe akahukumu kwamba mjane aondoke mjini kabla ya jua kuzama, na nyumba yake ichukuliwe. Nyumba hiyo Bi Kidawa aliijenga na marehemu mumewe, yeye akikanda udongo na mume akikandika, na kaburi la mume lilikuwa hapo nyuma yake. Hakuwa na ndugu wala pa kwenda. Amewafagilia miaka yote hiyo, na leo anafukuzwa kwa yai asilolijua, na watu ambao hawakumuuliza hata swali moja! Akainua uso akawatazama ndege aliowalisha kwa mkono wake.

"Nyie mnaona kila kitu. Semeni."

Dume alijua. Yai lilikuwa la mkewe, na alfajiri hiyo alikuwa amelilalia yeye, kwa zamu. Lakini alipiga hesabu zake: wakijua humu mna jike, tundu litashushwa, na heshima ya kukaa juu ya kiti cha Jumbe itakwisha. Akageuza kichwa. "Mimi nilikuwa nimelala," akasema. "Sijui lolote."

Simba akaruka mbele, akashika fito za tundu. "Yai ni langu. Nimelitaga mimi ninayewaimbia kila siku. Na baba yake ndiye huyu aliyekuwa amelala."

"Haiwezekani," Jumbe akasema. "Wewe unaimba. Jike haimbi."

"Basi sitaimba tena, nisije nikawasumbua."

Wazee wakatazama chini. Mmoja akakohoa, akasema kwamba mambo haya hutokea, na kwamba Bi Kidawa sasa anaweza kurudi kwenye mkeka wake. Ndiyo hayo tu aliyoambiwa. Hakuna aliyemwomba radhi.

Hapo Bi Kidawa akapanda juu ya kiti cha Jumbe, kwa miguu yake yenye vumbi, akafungua tundu na kumtoa yule dume. Kwa vidole vyake vilivyolowa rangi akamzaba kofi shavu la kulia. "Hili la kunyamaza." Akamzaba la kushoto. "Na hili la kumkana mkeo." Kisha akawageukia wazee. "Nanyi zishukuruni ndevu zenu, zimewafunika mashavu."

Akamchukua Simba kidoleni, yai akalifunga katika pindo la nguo, akakunja mikeka yake yote na kwenda nayo nyumbani kwake. Wenye baraza wakakaa chini, juu ya sakafu.

Dume alioga, akajisugua kwa mchanga, lakini rangi ya ukindu haitoki. Wanawe wa kiume nao wakazaliwa nayo. Alipoona watu wasioijua habari hii wanadhani ni pambo, akajikaza, akainua kichwa na kuimba.

Na tangu siku hiyo chiriku dume ana mashavu mekundu, na bado anasifiwa kwa makofi aliyopigwa. Jike amebaki na majivu yake na haimbi. Ila hutaga. Hata umweke tunduni peke yake, umpe jina la kiume na uwaapie majirani kwamba ni dume, siku usiyoidhania utakuta yai juu ya mtama. Ukilikuta, usimtafute mchawi. Umejibiwa.