Aliyelala Hapokezwi Ndoo

"Aliyelala hapokezwi ndoo." Nimemwambia Raya maneno haya kwa sababu alimwachia nduguye chungu cha maharage, naye nduguye amelala fofofo, na sasa sote tunanusa moshi. Mnacheka na kuniuliza ndoo imeingiaje jikoni. Haikuanzia jikoni. Methali hii ilianza hivi, na walioianzisha hawakuwa na nguvu za kucheka.

Palikuwa na jahazi la Nahodha Kheri, alilolirithi kwa baba yake, na hakuwa na mali nyingine duniani. Lilikuwa limezeeka. Maji yalipenya kati ya mbao yakakusanyika chini kabisa, ngamani, na ilibidi mtu mmoja ayafue, yaani ayateke kwa ndoo na kuyamwaga baharini, mchana na usiku. Mabaharia walipokezana kazi hiyo kwa desturi yao: anayemaliza humpa mwenzake ndoo mkononi, na mwenzake hujibu, "Nimepokea." Bila neno hilo zamu haijaisha.

Safari hiyo walipakia mchele wa kupeleka Wete. Upepo ukawakataa. Wakawa wanakwenda kwa mbisho, kuhamisha tanga upande huu na huu, mpaka viganja vikachubuka na watu wakasinzia wamesimama. Nawaonea huruma hata leo. Uchovu si dhambi, jamani.

Adhuhuri, jua kali, baharia mmoja aitwaye Vuai alimaliza zamu ya kufua maji. Mgongo ulikataa kunyooka. Akamwendea mwenzake Ngwali, aliyejilaza juu ya magunia, akamtikisa.

"Ngwali, zamu yako."

"Ee. Weka hapo," alijibu Ngwali, macho kayafumba.

Vuai akaiweka ndoo karibu na kichwa chake, akaenda kujitupa kando ya mlingoti. Wote wawili wakalala.

Maji yakapanda mpaka yakaufikia mchele, na mchele ukilowa huvimba. Magunia yakatanuka, yakaanza kuzisukuma mbavu za jahazi kutoka ndani. Nahodha alihisi usukani umekuwa mzito, kisha akasikia mbao zikilia.

"Nani yuko ngamani?" akapiga kelele.

Hakukuwa na mtu ngamani. Watu wakakurupuka, wakatupa baharini magunia ya juu, lakini ya chini yalikwishabanana, hayang'oki. Wakaingia wote katika mtumbwi uliokuwa ukivutwa nyuma, na kutoka humo wakaliona jahazi likipasuka na kuzama.

"Zamu ilikuwa ya Ngwali," alisema Vuai. "Nilimwekea ndoo kichwani pake."

"Wallahi sikumbuki," Ngwali alisema huku analia.

Nahodha akamgeukia Vuai. "Alisema amepokea?"

"Alisema... weka hapo."

Nahodha hakufoka. Alitazama pale chombo cha baba yake kilipokuwa, akasema taratibu, "Vuai, mwanangu, aliyelala hapokezwi ndoo."

Baadaye Vuai alipata kazi katika chombo kingine. Zamu yake ikiisha, alimwita mwenzake, na asipoinuka alirudi ngamani kuendelea kufua. Wenzake walimtania kwamba anaipenda ndoo kuliko mkewe. Macho yalimwuma kwa usingizi, na bado alifua mpaka mtu asimame mbele yake, anyooshe mkono, na aseme kwa kinywa chake, "Nimepokea."

Aliyelala hapokezwi ndoo.